Kumi na Sita Mbele ya Kumi

Katika mchezo wa ishirini na moja, ule unaoitwa blakijeki, ambao unashindana na mgawaji nani atakaribia zaidi ishirini na moja bila ya kuivuka, hakuna karata zinazochosha roho kama 16 mkononi huku mgawaji kafunua 10. Ukivuta nyingine, aina nane kati ya kumi na tatu zinakuunguza hapo hapo, yaani zinakuvusha ishirini na moja na dau limekwenda: sita, saba, nane, tisa, kumi, na zile tatu za picha. Ukikaa na 16 yako, unabaki kuomba mgawaji aungue yeye, na kwa kumi aliyoifunua huungua kama mara 23 tu katika 100. Meza nyingine zina njia ya tatu, ambayo wengi hawaijui, na wanaoijua wanaionea haya. Unasalimu amri. Karata zako zinarudi kwa mgawaji, nusu ya dau inakwenda naye, nusu unabaki nayo wewe, na kwa mzunguko ule huna neno tena.

Njia hiyo mimi niliijua nikiwa upande wa pili wa meza. Ujanani nilifanya kazi kwenye meli za watalii. Nilianza kuosha vyombo, nikabeba mizigo, mwishowe nikapelekwa kwenye kasino ya meli nikafundishwa kugawa karata. Mzanzibari, mtoto wa chuoni, anagawa kamari! Unachokifikiria nakijua, na aya ya 90 ya Suratul Maida naijua vilevile. Kazi ile niliiacha zamani, na hesabu yake ni baina yangu na Mola wangu. Kilichobaki ni kichwa kilichojaa karata, na wenzangu wa barazani kwetu Malindi ya Unguja walipokijua hawakuniacha tena.

Ilikuwa masika, mvua imefunga, dhumna imeshachosha na bao lina wenyewe. Wakashikilia niwafundishe. Nikaweka sharti: hapana shilingi, hapana soda, hapana hata kikombe cha kahawa. Tutacheza kwa komwe za bao, na usiku ukiisha komwe zote zinarudi mfukoni mwake, hakuna anayekwenda nazo kwao. Dau dogo kabisa ni komwe mbili, maana moja huwezi kuigawa nusu, na bila ya nusu hakuna kusalimu. Mzee mmoja hata hivyo hakuridhika. Alichukua kiti chake na kikombe chake akahamia upande wa pili wa njia, na mpaka leo hukaa huko. Simlaumu.

Sheria zenyewe ni fupi. Mgawaji anapewa karata mbili, moja wazi na moja imefunikwa, naye lazima avute mpaka afike 17. Karata za picha ni kumi kila moja, ree ni moja au kumi na moja. Akifunua 10 au ree, kwanza huchungulia ile iliyofunikwa kama ana ishirini na moja ya papo kwa papo, yaani ree na kumi kwa karata mbili za mwanzo. Akiwa nayo, dau lote limekwenda na hakuna mazungumzo. Akiwa hana, hapo ndipo unapoweza kusalimu, tena kwa zile karata mbili za mwanzo tu. Ukishavuta ya tatu, umeingia vitani.

Kwenye meli, ishara ya kusalimu ni kuchora mstari kwa kidole nyuma ya dau, na neno lenyewe ukalitamka ili pasiwe na ubishi. Waliokuwa wakifanya hivyo walikuwa wachache, wengi wao watu wazima waliokuja peke yao. Kidole kinapita, basi, hawaguni wala hawatazami pembeni. Vijana waliokuja kundi hawakusalimu kamwe. Nyuma yao wamesimama marafiki na glasi zao, na mbele ya marafiki mtu huona afadhali apoteze 100 kwa kelele kuliko kupoteza 50 kimyakimya.

Barazani kwetu haya hiyo nilikutana nayo kwa mtu ambaye sikumtarajia. Tuna fundi wa bao, mtu wa hesabu kali, anayeona mbele kete ngapi zitaangukia wapi. Nilidhani yeye atakuwa wa mwanzo kuelewa. Akakataa katakata. "Yakhe, mie nimpe nusu na bado hajanipiga?" Nikaja kufahamu baadaye. Bao halina nusu. Unashindwa siku safu yako ya mbele imebaki tupu au huna pa kwenda, na kabla ya hapo hata ukibaki na kete chache unaweza kugeuza mambo. Mtu aliyelelewa na mchezo kama huo, kumwambia alipe nusu na aondoke ni kama kumtukana.

Basi nikamwekea hesabu, kwa dau la 100 ili iwe wepesi. Kusalimu kunakula 50, si zaidi wala si pungufu. Karata hizo hizo ukizicheza mara nyingi sana, kwa ustadi wote unaowezekana, wastani wa unachopoteza kila mara ni ngapi? Ukiwa chini ya 50, cheza. Ukizidi 50, toa nusu. Tukiziweka sare kando, mpaka uko kwenye robo: ukiweza kushinda angalau mara 25 katika 100, usisalimu.

Kwa 16 mbele ya 10, hata ucheze vipi, unapoteza wastani wa 54. Kuvuta na kukaa karibu ni sawasawa, yaani ule ubishi mrefu wa mezani wa nivute au nikae ni ubishi wa vijisehemu. Kusalimu kunakuokolea nne. Kwa 16 mbele ya ree unapoteza 51 na kitu, mbele ya 9 unapoteza karibu 51. Na 15 mbele ya 10 ni 50 na chembe, imevuka mpaka kwa ukucha.

Ndiyo hizo. Kwenye meza ya pakiti nyingi za karata, ambapo mgawaji anasimama kwenye kila 17, orodha nzima ya kusalimu ni mikono minne: 16 mbele ya 9, ya 10 na ya ree, halafu 15 mbele ya 10. Nilipoimaliza kuisoma kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza, "Ami, mbona kidogo hivyo?"

Swali lake hilo ndilo lililonifunza kitu, kwa sababu yule kijana, baada ya fundi wa bao kukataa, alikuwa yeye ndiye mwanafunzi wangu mpenzi. Alikuwa hana haya yoyote ya kusalimu. Alisalimu 16 mbele ya 10, nikamsifu. Akasalimu 15. Wiki iliyofuata anasalimu 14 mbele ya 10, kisha 12 mbele ya 10, na usiku mmoja akachora mstari wake na 16 mkononi huku mimi nimefunua sita. Sita! Ile ni karata ambayo mgawaji anaichukia. Akiwa na sita wazi huungua kama mara 42 katika 100, na ukikaa tu na 16 yako bila ya kugusa kitu wastani wa hasara yako ni 15. Kijana kalipa 50 kukimbia hasara ya 15.

Kwenye meli niliwaona wengi wa namna yake, ila sikuwahi kuwatia maanani, kwa vile kule mgawaji anatazama karata na mikono ya watu, hatazami mtu anavyobadilika wiki hadi wiki. Barazani nimemwona mmoja tangu siku ya kwanza. Aliyefundishwa kwamba kuna kutoka kwa nusu huanza kuona kila karata mbaya ni ya kutoka. Na karata mbaya ni nyingi mno. Mbele ya 10, 12 inapoteza wastani wa 38: ni mbaya, lakini kusalimu kunaiongezea 12 nyingine juu yake. Na 14 inapoteza 47. Ni chungu, inakaribia mpaka, lakini haijauvuka. Vilevile 15 mbele ya 9, vilevile 16 mbele ya 8. Zote hizo unazicheza, na mara nyingi unashindwa, na bado umefanya sawa.

Ukizipima hasara za watu wawili hawa, fundi na kijana, wa mwanzo hadhuriki sana. Anayejua kusalimu pale tu panapostahili anajiokolea, kwa wastani wa mizunguko yote, kama senti nane katika kila shilingi mia anazoweka. Senti nane! Fundi wa bao anazitupa hizo kwa kiburi chake, basi. Kijana, kwa kusalimu kumi na mbili na kumi na nne zake, anatupa mara nyingi ya hizo na huku anajiona ndiye mwenye busara. Mimi mgawaji, nikiambiwa nichague nani akae mbele yangu, namtaka kijana.

Tuna pia maalim mstaafu wa hisabati. Yeye hachezi. Hukaa pembeni na daftari, na katika masika yale alijipa kazi ya kuandika kila mara fundi wa bao alipopata 16 mbele ya 10 akakataa kusalimu. Mvua zilipokatika daftari likafunguliwa mbele ya watu, na likasema fundi ndiye aliyepatia: alikuwa ameshinda zaidi ya robo ya mara zote hizo. Kelele iliyopigwa nadhani ilisikika bandarini.

Maalim aliwaacha wakapiga kelele mpaka wakachoka. Kisha akaeleza. Tofauti tunayoitafuta ni nne katika mia, lakini mzunguko mmoja unarusha mia nzima juu au chini. Ili ile nne ionekane katikati ya mrusho huo, bila ya kudhania bahati kuwa ni hesabu, unahitaji kama mara 1,800 za 16 mbele ya 10. Na karata hizo, zile mbili za mwanzo, huja mara moja katika kila mizunguko 60 hivi. Zidisha mwenyewe: mizunguko zaidi ya 100,000. Kwa wachezaji wa baada ya Isha, wanaosimama kila kahawa inapokuja, hiyo ni kazi ya miaka. Daftari lake, alisema, lilikuwa zuri kwa kufungia kashata.

Nilikaa nikalifikiria hilo kuliko wao, maana mimi nilijiona mtu wa uzoefu. Nimegawa karata usiku kwa usiku, bahari hii na ile, na lau ungeniuliza kwa macho yangu tu kama kusalimu kunalipa, ningekwambia sijui. Kumbukumbu yangu imejaa mambo mengine. Namkumbuka bibi mmoja aliyesalimu 16, nikafunua yangu, nikavuta, nikaungua, na meza nzima ikalipwa isipokuwa yeye. Alinitazama kama mwizi. Kitu hicho hutokea karibu mara moja katika kila nne au tano za kusalimu, na ndicho kinachobaki kichwani. Zile mara nyingine, ambazo mgawaji anafunua ishirini na kukusanya, nani anazikumbuka? Umeshapewa nusu yako, umeshakunywa maji, unatazama mzunguko mwingine.

Hesabu yenyewe haikutoka kwa watu wa mezani. Mwaka 1956 Wamarekani wanne, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, waliokutana jeshini kwenye kambi ya Aberdeen, walichapisha njia ya kucheza kila mkono baada ya kuipiga kwa mashine za hesabu za mezani, zile za kubonyeza. Miaka michache baadaye Edward Thorp akairudia kwa kompyuta kubwa ya IBM 704. Watu waliokuwa wakicheza usiku na mchana miaka yote ya nyuma walikuwa na uzoefu kuliko wao, na walikuwa wanakosea mambo ambayo sasa yameandikwa kwenye kikaratasi cha mfukoni.

Kuna mikono inayofanana na ya kusalimu na si yake. Nane mbili ni 16, naam, lakini mbele ya 10 hizo unazipasua zikawa mikono miwili. Utapoteza bado, ila wastani wake unabaki chini ya 50. Ree na tano nayo ni 16, lakini haiwezi kuungua kwa karata moja, basi vuta bila ya wasiwasi. Na ukiwa na 16 iliyotokana na karata tatu au zaidi, kusalimu kumeshakupita. Hapo mbele ya 10 ni bora ukae, kwa sababu zile nne na tano ambazo zingekufaa mara nyingi umeshazitumia wewe mwenyewe.

Halafu kuna meza ambazo mgawaji, akiwa na 17 yenye ree ndani inayohesabiwa kumi na moja, lazima avute tena. Meza nyingi ziko hivyo siku hizi. Kwa mchezaji ni mbaya kidogo, na orodha inaongezeka: mbele ya ree unasalimu pia 15, na 17, na hata zile nane mbili. Kumi na saba barazani kwetu iliwauma watu. Wanaiona ni namba nzima, wameshafika pale ambapo mgawaji mwenyewe anaruhusiwa kusimama. Tazama lakini: ukikaa na 17 unashinda pale tu mgawaji anapoungua, maana hana namna ya kumaliza chini ya hapo. Kwa hiyo 17 yako ni 16 iliyovaa kanzu ya Ijumaa, tofauti yake ni zile sare chache.

Bima nayo waliichanganya na kusalimu. Mgawaji akifunua ree anakuuliza kama unataka bima: unaweka nusu ya dau pembeni, na akiwa na kumi chini unalipwa mbili kwa moja. Ili ilipe inatakiwa kumi iwe chini mara moja katika kila tatu. Katika aina 13 za karata, nne ndizo zenye thamani ya kumi, haifiki theluthi. Sitasema zaidi. Nilivyouza bima nyingi kwenye meli, inatosha.

Lakini kama ningekuwa na neno moja la kumnong'oneza mtu kule kwenye meli, lisingekuwa la 16 wala 15. Lingekuwa la maandishi yaliyochapwa kwenye kitambaa cha meza. Zamani ishirini na moja ya papo kwa papo ililipwa tatu kwa mbili: umeweka 100, unapata 150. Meza nyingi za meli, na nyingine za nchi kavu, zikageuka kuwa sita kwa tano: umeweka 100, unapata 120. Badiliko hilo peke yake linachukua kama shilingi moja na senti arobaini katika kila mia unayoweka. Linganisha na zile senti nane za kusalimu. Nimeona wageni wakiuliza kwa makini, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kama meza yangu inaruhusu kusalimu, halafu wanaketi juu ya sita kwa tano wanatabasamu. Nikawagawia.

Barazani hatuna tatizo hilo, tunalipa tatu kwa mbili kama wazee. Tatizo letu ni jingine, na aliyelileta ni fundi wa bao mwenyewe, aliyekuwa hataki hata kusikia neno kusalimu. Usiku mmoja nilifunua ree mara kadhaa, nikachungulia, na kila nikichungulia nina kumi chini. Komwe zake zikaisha. Akauliza: kwa nini tungoje mgawaji achungulie? Si mtu asalimu kabla?

Nikamwambia hilo lilishajaribiwa. Kasino ya kwanza ya Atlantic City, Resorts International, ilipofunguliwa Mei 1978, sheria za New Jersey ziliruhusu kusalimu mapema, kabla ya mgawaji kutazama. Ukiwa mbele ya ree unajiondoa kwa nusu hata pale ambapo angekuchukulia yote, na kumi inakuwa imejificha chini yake mara 31 katika 100. Kwa sheria hiyo mbele ya ree unasalimu 5, 6 na 7, na tangu 12 mpaka 17, na mbele ya 10 unaongeza 14. Thamani yake inazidi mara saba ile ya kusalimu kwa kawaida. Aliyecheza vizuri alikuwa juu ya kasino. Mwaka 1981 ikafutwa.

Sijui kwa nini niliwaeleza yote hayo. Wakapiga kura pale pale, na kura yangu ikabaki peke yake. Sasa tunasalimu mapema, na ikifika saa nne za usiku mgawaji anaazima komwe kwa wachezaji. Maalim anasema ni bahati tu, tofauti ile ni ndogo mno kuonekana kwa usiku mmoja au kwa mwezi. Mie komwe zangu naziona zinavyokwenda.